Titi la Soksi

Nililishona mwenyewe, kwa soksi ya shule ya kijana wangu,
ile iliyobaki peke yake baada ya pacha wake kupotea.
Nikaijaza sufi, nikapiga fundo,
chuchu nikaweka kifungo cha shati la marehemu baba,
weusi wa kuizunguka nikapaka kiwi.

Kila Jumatano, kliniki Tandika, linapita mkono kwa mkono.
Wanawake wanacheka, wanafunika midomo kwa khanga.
Mmoja aliwahi kuuliza: "Na hili, sista, linauma?"
Haliumi. Ndiyo kasoro yake.
Halijai siku ya tatu likawa jiwe,
halipasuki, halitoki damu,
halilowanishi blauzi mbele ya baba mkwe.

Jana niliitwa Mbagala, kwa Siwema.
Chumba kimoja, feni imekufa na umeme wake,
mtoto wa siku nne, sauti imeshakauka.
Mama mkwe, Bi Mwanahawa, kasimama mlangoni
na kikombe cha maji ya sukari, kijiko ndani.
"Maziwa hana," akaniambia. "Yaliyotangulia yalikuwa ya njano,
kama usaha. Nilimkamua, nikamwaga."

Dang'a.
Vijiko viwili vitatu, chanjo ya kwanza ya mtu duniani,
imenywewa na mchanga wa Mbagala.
Ningeweza kusema. Lakini mlango ni wake,
na chai aliyonipa ilikuwa na tangawizi ya kutosha.

Nikalitoa titi la soksi mkobani.
Siwema hakucheka. Alilitazama
kama mwenye njaa aliyeletewa picha ya wali.
Nikalirudisha.

Nikasema: egemea ukuta. Shusha mabega.
Usimfuate mtoto na titi, mlete mtoto kwenye titi.
Tumbo lake kwa tumbo lako, pua ielekee chuchu.
Usimsukume kisogo; hapendi kusukumwa, nani anapenda?
Ngoja apanue kinywa kama anayepiga mwayo.
Ngoja.
Sasa.
Akashika ncha tu. Siwema akauma khanga.
Penyeza kidole pembeni ya kinywa, mwachishe, tena.
Mara ya tano. Baada ya hapo sikuhesabu.

Na hapo, sijui kwa nini, nikamwambia
nisichowahi kumwambia mtu kliniki:
wangu wa kwanza nilimshindwa.
Siku ya kumi na moja nilituma mtu dukani, akaleta kopo,
nikalificha uvunguni kama chupa ya gongo.
Mtoto mwenyewe yupo, mrefu, anakula ugali wa watu wawili.
Soksi ni yake.
Ila hakuna aliyekuja akakaa nami ukutani.

"Kwa hiyo unatembea na soksi yake kwenye mkoba?"
Siwema akacheka, na kicheko kikayashusha mabega,
mabega niliyokuwa nikihangaika nayo tangu asubuhi,
na mtoto akapanua, akaingia,
kidevu kikazama, mashavu yakajaa,
kimya,
halafu gu.
Halafu gu, gu, kama kibarua wa bandari mbele ya kata ya maji.

Siwema alilitazama lile dogo sikio linavyocheza.
"Linauma bado," akasema, "lakini si kule."
Sikumuuliza ni wapi.

Bi Mwanahawa akaweka kikombe dirishani.
Nzi wakayaona maji ya sukari kabla yetu.

Nilipokuwa navaa viatu akanifuata uani,
sauti chini, kama anayekopa:
"Hilo titi lako, mwanangu, niachie.
Nyumba ya tatu kuna mwenzake, ana siku mbili.
Nitamwambia asimwage."

Nikamwachia. Kifungo kimelegea, nikasema.
Akasema uzi anao.